Dada wa Afya Aliyepita Jana

Kibuli, Kampala
9 Machi 1974

Kwa Mjomba wangu Maalim Umar,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeshatoka msikitini na kahawa umekwisha kunywa, maana najua kabla ya hapo husomi kitu. Nisalimie sana Bi Mariamu. Mguu wake unaendeleaje na unyevu wa Mombasa? Huku mvua zimeanza, na paa la jikoni linavuja pale pale ulipoliziba. Sukari imeadimika, sabuni ndiyo usiseme. Chumba cha mwanao nakifagia kila Ijumaa, kiko vile vile.

Nina habari ya furaha. Nimepata kazi. Kuna wafadhili wa Ulaya waliotoa fedha ili mabaraza ya mitaa yaajiri watu wao wenyewe wa kuchunguza maradhi, pasipo kungoja wakubwa wa wizara wakumbuke. Baraza la Kamwokya limeniajiri mimi. Kwa hiyo ile miaka yangu ya unesi uliyoilipia haikupotea. Naingia nyumba moja baada ya nyingine, nauliza nani anaumwa, anaumwa nini, anakunywa maji gani. Upande wa chini, nyuma ya karakana moja inayoyeyusha betri kuukuu za magari, watoto wana ugonjwa nisioufahamu. Tumbo linawasokota, wanapauka, kisha wanaanguka kifafa. Kuku wao nao wanazunguka zunguka mpaka wafe. Wenyewe wanasema ni mapepo.

Kuna jambo moja linanitatiza. Kabla yangu kazi hii ilikuwa ya msichana mmoja wa Gulu, Helen. Nilipouliza ofisini yuko wapi, mkuu wetu Bwana Kasim alisema yuko likizo, akainuka akafunga dirisha. Sweta yake bado imening'inia kwenye kiti ninachokalia. Basi jana niliingia kwa mama mmoja, nikaanza maswali yangu, akanishangaa. "Mbona dada wa afya arikuja jana tu? Arisimama hapo hapo. Hata chai nirimpa." Nikasema labda amekosea siku. Nyumba ya pili, maneno yale yale. Ya tatu, mama mmoja wa Bukavu aitwaye Perpétue alinijibu kabla sijafungua mdomo: binti yake hali udongo, maji wanachota mferejini, kifafa kilimwanza baada ya Krismasi. "Mwenzako ameuliza ivi ivi," akasema, "na viatu vyake vilikuwa na tope kama vyako."

Ofisi nzima hakuna aliyemwona Helen tangu Novemba.

Mpwa wako,
Sabah

*

Kibokoni, Mombasa
4 Aprili 1974

Mwanangu Sabah,

Marahaba. Tumshukuru Mola, tunakwenda na siku. Bi Mariamu anakusalimu, mguu umepoa kidogo tangu tulipopata mafuta ya mkanju ya kuukanda. Hongera kwa kazi.

Barua hii nimempa Abdu wa reli, mtoto wa jirani yangu, anayekuja Kampala na treni ya mizigo. Ukiwa na neno zito mpe yeye. Ya posta yaache yawe ya mvua na sukari. Barua yako ilinifikia bahasha imebandikwa gundi mara ya pili.

Umetaja chumba cha mwanangu. Nilikuomba usikitaje na nakuomba tena. Ni mwaka na zaidi tangu Habib achukuliwe mbele ya lango la shule akiwa na chaki mfukoni. Nimekwenda kila mlango unaofunguka, na baadhi ya isiyofunguka. Watu hapa wananiambia nimsomee khitma nimalize. Mamaye, Bi Mariamu, hataki. Anasema hamsomei khitma mtu aliyekwenda kazini. Na mimi siwezi kumzika kwa maneno kijana ambaye pengine yupo. Basi tunanyamaza, na nyumba inakwenda.

Kuhusu huyo Helen. Mimi ni mwalimu wa Kurani, nawe umenisikia tangu ukiwa mdogo: maiti hanywi chai. Mtu aliyesimama kwenye tope jana ni mtu hai. Na mtu hai anayepita nyumba za watu bila kuonekana ofisini ana sababu yake. Usimtafute. Acha kazi hiyo, njoo Mombasa.

Mjomba wako,
Umar

*

Kibuli
21 Mei 1974 (kwa mkono wa Abdu)

Mjomba,

Shikamoo. Nyumba ni salama. Mpangaji wa chumba cha uani amehama bila kuaga, funguo kaziacha mlangoni. Sijui kakimbia nini, na siku hizi hatuulizani.

Ulisema nisimtafute, wala sikumtafuta. Nilisahau mwavuli kwa Perpétue, nikaurudia adhuhuri jua likiwa kali. Nikapiga hodi nikaingia. Perpétue alikuwa peke yake, lakini juu ya kigoda palikuwa na vikombe viwili, na kile cha upande wa pili kilikuwa kinafuka moshi. Binti yake, Espe, msichana wa miaka minane, alikuwa anaangalia pazia la kitanda kama mtu anayemsikiliza anayezungumza. Chini ya pazia nikaona miguu.

Nakiri, Mjomba, maneno yako yote kuhusu maiti na chai yalinitoka. Pazia likafunguka. Alikuwa Helen, amekonda, nywele zimekatwa hadi kichwani. Akaniambia, "Kaa. Chai yako ndiyo hii, mimi nilikuwa bado sijaigusa."

Mwaka jana aligundua ugonjwa unatoka kwenye ile karakana. Ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyefukuzwa, sasa anayo Kapteni Sulaimani, mmoja wa hao waliogawiwa mali za Wahindi, tunaowaita mafuta mingi. Majivu ya betri yanamwagwa mferejini na moshi unatua juu ya nguo zilizoanikwa. Helen aliyasema hayo ofisini, mbele ya watu. Kesho yake askari wakaja kwake. Wanawake wa Kamwokya walimtoa kwa nyuma, na tangu hapo wanahamishana naye nyumba hadi nyumba. Askari hawakumpata, wakaogopa kurudi mikono mitupu, wakamwambia Kapteni kwamba wamemmaliza. Kwa hiyo Kapteni anaamini Helen ni maiti. Na akionekana mahali, wanawake wanasema ni mzuka wake. Mzuka hautafutwi na mtu.

Nilimuuliza kwa nini basi bado anawahoji watu. Akasema, "Nikikaa bure nitapata wazimu. Halafu watoto bado wanaanguka."

Nakuomba, Mjomba. Mpokee yeye pamoja na Espe. Mtoto ana mstari wa buluu kwenye fizi na sasa haoni vizuri. Hapa hakuna daktari atakayethubutu kuandika anachougua. Perpétue amekubali kumtoa.

Sabah

*

Mombasa
15 Juni 1974

Mwanangu,

Salamu. Sisi hatujambo. Embe zimekwisha, machungwa yameingia. Bi Mariamu alikwenda harusini Lamu akarudi na mafua.

Kuhusu wageni uliowataja: nyumba yetu ni ndogo, unaijua. Mwaka huu hatutaweza. Natumai hutavunjika moyo.

Umar

*

Kibuli
2 Julai 1974 (kwa mkono wa Abdu)

Mjomba,

Barua yako ya posta nimeipata. Sijui kama ni wewe uliyekataa au ni posta uliyoiogopa. Wakati naisoma wageni walikuwa wamekwisha ondoka. Abdu ataeleza. Ukiwafungia mlango, basi angalau uwape maji.

Sabah

*

Mombasa
19 Agosti 1974 (kwa Abdu)

Mwanangu,

Nilikuwa nakataa, si posta. Niliogopa. Nilikwisha toa mmoja, sikutaka kuonekana mlangoni kwangu kitu chochote kinachotoka huko. Abdu alipobisha hodi na wale wawili, mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mlango. Mamaye Habib akanipitia ubavuni, akamchukua yule mtoto mikononi mwa Helen, akaingia naye ndani. Hakunitazama. Basi nikatoka mlangoni.

Espe ametazamwa na daktari mmoja Mmakonde, mtu mpole. Damu imepelekwa Nairobi ikapimwa. Ni risasi. Siyo ya bunduki, Sabah, bali yale madini yenyewe yanayoyeyushwa kwenye betri. Iko ndani ya damu yake. Anachomwa sindano za kuitoa, na mshtuko wa kifafa haujarudi. Kuhusu macho, daktari hakuahidi. Mtoto ameanza kumwita mke wangu Bibi, na mke wangu ameanza kupika tena asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimeliona nyumbani humu tangu mwaka jana.

Helen anasema haya kwa kalamu yangu, sikiliza vizuri: moto wa karakana uzimwe. Watoto wasikanyage udongo wa pale wala wasinywe maji ya mfereji. Nguo zilizopata lile vumbi zizikwe. Watu wanawe kabla ya kula. Anayefanya kazi pale akitoka akakaa mbali, mwili unaweza kupona wenyewe pole pole. Akibaki, mikono inalegea, baadaye akili.

Sasa unajua. Mpe Bwana Kasim hayo maneno halafu uje.

Umar

*

Kibuli
24 Oktoba 1974 (kwa Abdu)

Mjomba wangu,

Idi njema kwako na kwa nyumba nzima, ingawa imechelewa. Huku tulisali Kibuli kama kawaida, msikiti ulijaa, lakini watu walitawanyika haraka, hakuna aliyesimama kupiga soga.

Nilimpa Bwana Kasim maneno yale. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sabah, mimi nina watoto," na akanirudishia kalamu yangu niliyokuwa nimeiacha mezani kwake, kama vile ndiyo iliyokuwa na hatia. Wafadhili nao walituma mtu wao atutembelee. Walimpeleka mtaa mwingine, wakamwonyesha kisima kipya. Akapiga picha.

Nikarudi kwa wanawake. Niliwaambia ukweli, kwamba ni madini, si pepo. Walinielewa mara moja. Lakini mmoja akauliza, "Na askari wanaolinda ire karakana, nao utawaambia nini? Madini hawayaogopi." Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilisema, basi tuwaambie Helen amesema.

Kwa wiki chache habari ikaenea yenyewe. Mzuka wa dada wa afya umesimama kwenye mfereji. Anataka watoto wasiguse udongo wake. Anataka nguo za pale zizikwe. Kila alichokuandikisha Helen nilikitia kinywani mwa Helen aliyekufa, Mjomba, na watu wakatii kuliko walivyowahi kutii bango la afya. Watoto wakaondolewa. Vibarua wa karakana wakaanza kutoroka.

Halafu Kapteni Sulaimani akatuma gari kunichukua. Ilikuwa saa sita mchana. Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Nilimpa Perpétue funguo za nyumba yako.

Anakaa katika jumba la Mhindi, kuna maua na bembea. Alikuwa ukumbini, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Wewe ndio ya afya?"

"Ndiyo, afande."

"Watu nasema wewe naona ile mwanamuke."

Akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua hewani, akauachia. Kiganja kikaanguka, kikaning'inia.

"Mimi naambia hii mukono panda, yeye nalala. Nani nashika?"

Nilijua ni nini. Helen alikwisha kuniambia mikono italegea. Ningeweza kumwambia, afande, ni karakana yako, nenda hospitali. Lakini kusema hivyo ni kusema Helen alikuwa na haki, na kumfanya aulize nimejulia wapi.

"Ni yeye anashika," nikasema.

Hakushtuka. Nadhani alitaka kusikia hivyo. "Yeye nataka nini?"

"Anataka moto wa karakana uzimwe. Wewe na watu wako msikanyage tena pale. Nguo mlizovaa pale zizikwe. Na mtu asinywe maji ya mfereji."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, afande. Ukiyafanya, ataanza kuuachia mkono pole pole."

Akafikiri. Pembeni yangu palikuwa na kiti kitupu. Akainuka, akakipangusa vumbi kwa mkono wake mzima, akakisogeza karibu na meza, na akamwambia mtumishi alete chai. Vikombe vitatu.

Tukakaa. Alipokunywa alikuwa anakiangalia kile kikombe cha tatu. Nami nikajikuta nakiangalia.

Karakana imefungwa tangu Jumatatu.

Sabah

*

Mombasa
20 Novemba 1974 (kwa Abdu)

Sabah,

Habari za kufungwa karakana tumezipokea. Helen alilia. Espe anatembea hadi sokoni ameshika buibui la Bibi yake.

Lakini mimi nimeisoma barua yako mara nyingi na moyo haukutulia. Nimekufundisha nini? Helen yu hai, lakini mbele yao umewasemea wafu. Aliyekufa ana Mola wake, haachiwi binadamu amtie maneno mdomoni. Utasema uliokoa watoto. Ni kweli, nami siwezi kukulaumu kwa hilo. Ila mlango huo ukishaufungua hujui nani ataingia. Kapteni hatakuacha. Mtu mwenye dhambi nyingi akishapata anayeongea na maiti hatarudi nyumbani na ya maiti mmoja.

Kazi imekwisha. Njoo.

Umar

*

Kibuli
17 Januari 1975 (kwa Abdu)

Mjomba,

Shikamoo. Kwanza nieleze ya kazi. Wafadhili wameondoa fedha zao. Ripoti iliyopelekwa kwao ilisema Kamwokya hakuna ugonjwa, kuna homa za kawaida tu, na penye homa za kawaida hapahitajiki mtafiti. Bwana Kasim alinipa mkono na kuniambia niichukue ile sweta. Sikuichukua.

Ulisema kweli kuhusu mlango. Mkono wa Kapteni umeanza kupata nguvu, sasa anashika kijiko. Akawaambia wenzake. Wanakuja nyumbani kwako, Mjomba, mchana, mmoja mmoja, bila sare. Wanaegesha gari chini ya kilima na kupanda kwa miguu. Wanakaa sebuleni mahali ulipokuwa unasomeshea, wanavua kofia.

Sijawahi kuwauliza swali hata moja. Wenyewe wanasema. "Na ile yangu mimi, nayo iko nasimama?" Mmoja aliniambia kuna mtu anamkuta kila akifungua mlango wa gari, amekaa upande wa abiria. Akamtaja kwa jina, Ocen, polisi wa Naguru. Akauliza, "Yeye nataka nini?" Nikamwambia anataka asimchukue mtu mwingine katika gari hilo. Akaitikia kama mtoto.

Wiki ile ile mke wa Ocen alikuja. Sijui nani alimwelekeza. Alikuwa amevaa vizuri, ameleta mayai katika kitambaa. Akasema, "Dada, nasikia unawaona. Mume wangu yumo?"

Wale maofisa niliwadanganya, na silali vibaya kwa ajili yao. Kwake sikuweza. Nilisema, "Mama, mimi sioni mtu. Lakini nimesikia kwa aliyemchukua. Usimngoje." Akaniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Alinishukuru, Mjomba. Akainama akanishukuru kwa magoti kama wanavyofanya, akayaacha mayai, akaondoka polepole akishika ukuta.

Tangu siku hiyo wanawake wanakuja. Wanaume wanaingia kwa mlango wa mbele, wanawake wanakaa uani. Hawakutani. Najua siwezi kukaa hivi muda mrefu. Lakini kila nikifunga sanduku la nguo kuna mmoja amekaa pale nje.

Kuna jingine ningekuambia. Sitaliandika leo.

Sabah

*

Mombasa
12 Februari 1975 (kwa Abdu)

Mwanangu Sabah,

Salamu. Bi Mariamu anakusalimu, Helen anakusalimu, Espe anakusalimu. Amejifunza kufua kanzu na anazipasua.

Barua yako nimeificha kwa siku kadhaa. Kisha mke wangu akaikuta, akamwomba Helen amsomee. Nilimsikia Helen akisoma kule jikoni, sauti ikafika mwisho, ikanyamaza. Mke wangu akaja akasimama mbele yangu. Akasema, "Muulize." Nikamwambia nilichokuandikia wewe, kwamba haya hayafai. Akasema, "Sikusema umuulize maiti. Nimesema umuulize Sabah."

Nimesomesha dini miaka mingi na sikuwahi kuandika sentensi iliyonishinda kama hii.

Sabah, lile ulilosema hutaliandika. Ni Habib?

Umar

*

Kibuli
5 Machi 1975 (kwa Abdu, ampe Mjomba mwenyewe mkononi)

Mjomba wangu, baba yangu uliyenilea,

Ni Habib.

Alikuja sajini mmoja mwezi wa Disemba, mtu mzima, anakohoa. Hakujua hii ni nyumba ya nani. Alikaa chini ya picha yenu na hakuitazama. Alisema kila asubuhi akinawa uso, ndani ya beseni anaona mikono ya mtu mwingine inanawa pamoja na yake. Akasema ni mwalimu fulani, kijana mwembamba, waliyemtoa kwenye lango la shule. "Nikipeleka yeye, yeye naomba maji. Wengine naomba maji ya kunywa. Yeye naomba ya kuosha. Mimi napatia. Yeye naosha uso, mukono, mguu, nasali." Kisha akasema jambo jingine. Kwamba huyo kijana tangu walipomkamata alikuwa akisema kwa kigugumizi, neno halitoki, hata wenzake walimcheka. Lakini aliposimama kusali akasoma mpaka mwisho, na hakukwama hata mara moja.

Mjomba, ni nani mwingine mwenye kigugumizi kinachokwisha akianza kusoma Kurani?

Sajini akaniuliza, "Yeye nataka nini kwa mimi?" Wote wamewahi kuniuliza hivyo na kila mmoja nimempa jibu. Huyu sikumpa. Nilijaribu. Nilitaka kusema anataka ufe. Nilitaka kusema amekusamehe. Yote yalikuwa uongo na sikuweza kumsemea Habib uongo. Nikamwambia tu anyanyuke aende. Alipofika mlangoni akanieleza mwenyewe ni wapi, nami sikumuuliza. Mahali penyewe sitapaandika hapa.

Nilikaa na jambo hili tangu Disemba kwa sababu ulinikataza kumtaja, na mimi nikajificha nyuma ya katazo lako. Bi Mariamu anisamehe. Msomeeni khitma. Hakuwa amekwenda kazini. Amefariki, na alikufa akiwa na udhu.

Siji Mombasa kwa sasa. Asubuhi hii wako wengi uani, wamekaa kwenye mikeka yao, hawasemi. Nasikia mmoja anamtuliza mtoto. Naweka kalamu chini nikawafungulie.

Sabah

*

Mombasa
2 Aprili 1975 (kwa Abdu)

Mwanangu,

Tumesoma khitma Alhamisi baada ya alasiri. Watu walikuja kuliko nilivyotegemea. Helen si wa dini yetu, lakini alipika sinia zote na akakaa na wanawake hadi mwisho. Mamaye Habib hakulia mbele za watu. Walipoondoka alilala, akalala hadi adhuhuri ya kesho yake, nami nikakaa mlangoni nikiwazuia wageni wasibishe.

Alipoamka alisema, "Umar, mimi nataka kuona mahali alipo mwanangu."

Nilimwambia yote. Nilimwambia mpakani wanatazama kila uso, kwamba mimi nilikuwa naandika barua za kumuuliza kila mkubwa na jina langu huenda liko mezani kwa mtu. Alinisikiliza akikunja buibui lake. Espe atabaki na Helen. Macho hayataongezeka, daktari amesema wazi sasa, lakini njia ya kwenda dukani anaijua.

Abdu ametutafutia nafasi kwenye treni ya wiki ijayo. Mimi nitakuja kama mzee anayekuja kuuza nyumba yake, na nyumba ninayo, si uongo. Hao wanawake wa uani, usiendelee kuwapokea peke yako. Habari ya kifo humpi mtu ukamwacha aondoke akishika ukuta. Anahitaji mwenye kumsomea, wa dini yake au wa dini yoyote, na mwenye kumpikia uji. Mimi nitasoma. Mke wangu atapika. Wale wa mlango wa mbele tutaona la kufanya.

Yule sajini usimwambie sisi ni nani. Mwambie kuna wazee wawili wasioijua njia, wanaomba kuonyeshwa.

Umar